Petroli Isiyofika Jumamosi

Kuna watu wakituhumiwa wizi huja juu, hupiga meza, huapa mpaka mate yakauke. Mkwe wa Mama Mashuka hakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu aliyemtuhumu ni mama mzazi wa mke wake, na mkwe mwenye adabu zake hampigii mama mkwe meza. Alisimama tu kando ya karo la kufulia, ufunguo wa pikapu mkononi, akasema, "Mama, mimi sijagusa."

"Nani kasema umegusa? Mimi nauliza tu. Petroli niliyokuwa naweka Jumatatu ikafika Jumamosi jioni, siku hizi inakata roho Alhamisi asubuhi. Pikapu ni ile ile. Mlima ni ule ule. Dereva ni yule yule. Kilichoongezeka hapo ni nini?"

Wafuaji watatu waliinamia mabeseni yao kana kwamba wamepoteza sindano ndani ya povu. Hakuna aliyekuwa anasugua. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye mikono kama ya mpiga makasia ambaye kila mtu alimwita Shangazi Povu, alikohoa kidogo na kujifanya anaikagua sabuni.

"Basi nisikilize," Mama Mashuka akaendelea. "Kuanzia Jumatatu napanda mwenyewe. Safari zote, kwenda na kurudi. Petroli isipofika Jumamosi, ufunguo unarudi kwangu, natafuta dereva wa kuajiriwa. Huyo nikimfukuza, angalau simkuti sebuleni kwangu kesho yake."

Hapo ndipo palipomchoma. Kumwaga unga ni jambo moja. Mtu huamka, akajipangusa, akatafuta pengine. Lakini kuonekana mkono mrefu na bibi wa watoto wako, tena mbele ya watu unaofanya nao kazi, halafu jioni ukaketi kwake ukikaribishwa chai aliyoipika yeye, hilo ni jambo jingine kabisa. Kijana aliumia. Na aliumia zaidi kwa sababu alimpenda yule mama, pamoja na ukali wake wote.

Biashara yenyewe ilikuwa na miguu miwili. Mguu mmoja ulikuwa bondeni, kwenye banda la kufulia, kwa sababu kisima cha bondeni hakijawahi kukauka. Mguu wa pili ulikuwa juu mlimani, uani kwa Mama Mashuka, kwa sababu huko ndiko kwenye jua na upepo. Bondeni jua lilikuwa la kuvizia tangu maghorofa yaanze kuota upande wa mashariki. Kwa hiyo kila siku mashuka na mataulo ya nyumba za wageni yalifuliwa chini, yakapandishwa mlimani yakiwa mabichi, yakaanikwa, yakaanuliwa, yakapigwa pasi na binti wa Mama Mashuka, ambaye ndiye mke wa dereva wetu, kisha yakateremshwa yakiwa yamekunjwa vizuri kama barua. Wateja walisema mashuka ya mama huyu yananukia upepo. Mwenyewe alilipokea neno hilo kama watu wengine wanavyopokea cheo.

Mkwe ndiye aliyekuwa akipanda na kushuka. Wafuaji walimpachika jina la Kipanga, kutokana na jinsi alivyokuwa akiupanda ule mlima: gia ya pili ikilia, kona zikikatwa, kuku wakitawanyika. Wala hakuwa mkorofi. Alikuwa na nadharia yake. Kwa maoni yake gari linakunywa kwa saa, kama mlevi. Ukiliweka njiani muda mrefu, litakunywa muda mrefu, kwa hiyo dawa ni kufika. Mama Mashuka, ambaye hakujua hata klachi iko upande gani, aliiunga mkono nadharia hiyo kwa sababu zake mwenyewe. Nguo mbichi zikirundikana zinavunda, na yeye harufu ya uvundo angeisikia hata akiwa na mafua.

Jioni ile mke wake alimpokea mlangoni. Habari zilikuwa zimeshafika. Habari za aina hiyo hazihitaji petroli.

"Nitakuuliza mara moja tu," mke akasema. "Umechukua?"

"Sijachukua."

"Haya. Njoo ule."

"Ndiyo umeamini?"

"Ulipovunja chupa ya chai ya mama, ulikaa wiki nzima ukimkwepa kama mtoto. Ungekuwa umeiba petroli ungeshahama mji. Njoo ule, chakula kinapoa."

*

Jumatatu asubuhi Mama Mashuka alipanda pikapu akiwa amejifunga kilemba cha safari na kapu kubwa mkononi. Kapu lile alilisimika katikati ya kiti, likawa mpaka kati yake na mkwe wake, jambo lililowapa wote wawili nafuu. Haikuwa rahisi kwao kukaa bega kwa bega. Kijana hakujua aweke wapi kiwiko. Kila alipobadilisha gia alisema "samahani, mama," na kila mara mama alijibu "bila samahani," na mlima ule una gia nyingi.

Mama hakutazama barabara hata kidogo. Alitazama mshale wa petroli. Aliukazia macho kama anavyomkazia mteja anayedai taulo lake lilikuwa jeupe zaidi. Lakini hata katika kulinda, hakuacha kuwa mwenye mali.

"Kanyaga, baba," akasema walipoanza mlima. "Nguo zinavunda hizo."

Kijana akakanyaga. Pikapu ikanguruma, ikajikusanya, ikapanda. Nyuma, chini ya turubai, rundo la mataulo lilikuwa limejaa hadi kwenye ukingo wa bodi. Walipofika juu alishuka mbio, akazunguka kumfungulia mama mkwe mlango, kisha akabeba mabeseni mpaka kwenye kamba, jasho likimtiririka kwa kazi na kwa wasiwasi.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano asubuhi mshale ulikuwa umeshalala chini kabisa, pale pale unapolala kila Jumatano, na Mama Mashuka alikuwa ameulinda siku zote hizo bila kupepesa. Alijua kijana hakusimama popote. Hata pikapu yenyewe ililala uani kwake usiku, chini ya dirisha lake. Kama kuna mwizi, basi walikuwa wamepanda naye. Alishika tama, kapu likiyumba kando yake, na kijana alitamani aseme chochote, hata kumkaripia.

Nusu ya mlima, mtu mmoja aliyekuwa anapaka rangi geti la nyumba yake aliinua brashi na kuwapungia.

"Simameni. Gari lenu linavuja."

Kijana alifunga breki kwa nguvu kiasi kwamba kapu lilikwenda kupiga dashibodi. Mama mkwe alikuwa ameshafungua mlango kabla gari halijatulia. Alizunguka nyuma, akaona mstari mweusi wa majimaji ukitoka chini ya bodi na kuteremka barabarani, kona moja baada ya nyingine, hadi pasipoonekana. Uso wake uling'aa. Hakuna mwizi. Tangi limetoboka. Mkwe wake ni mtu safi, na yeye mwenyewe ni mtu safi, na aliyekosa ni bati. Alichuchumaa kwa shida, akachovya kidole kwenye majimaji yale, akakipeleka puani.

Akanusa. Akanusa tena. Akamnyooshea mkwe wake kidole.

"Hebu nusa."

Kijana alisita. Kunusa kidole cha mama mkwe hakukuwemo katika mafunzo yoyote aliyowahi kupewa. Lakini amri ni amri, akainama.

"Sabuni," akasema.

"Sabuni," akakubali mama. "Maji ya sabuni. Yanatoka wapi yote haya?"

Mpaka rangi, ambaye alikuwa amesogea karibu na brashi yake, alijibu kabla hajaulizwa. "Yanatoka siku zote, mama. Ninyi mkipita, barabara inaoga. Mke wangu anasema hata vumbi limepungua upande huu. Mimi leo nimeona yamezidi, nikasema niwaambie."

Mama Mashuka aligeukia mzigo. Aliinua pembe ya turubai, akabonyeza taulo moja kwa kiganja, na maji yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Akabonyeza jingine, yakamwagika vile vile. Akasimama pale barabarani, mkono ukidondosha maji, akitazama mlima ulio mbele na mstari mweusi ulio nyuma.

"Geuza gari," akasema.

"Tumekaribia kufika, mama."

"Geuza. Kuna kitu nataka kupima."

*

Mama Mashuka alikuwa anatoza wateja kwa kilo, kwa hiyo kwenye banda kulikuwa na mizani mikubwa ya jukwaa, na kila furushi lilipanda juu yake siku linapopokewa, likiwa chafu na kavu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulipandisha furushi likiwa limefuliwa. Kwa nini apandishe? Nguo ni zile zile, hazizai majini.

Walipandisha beseni baada ya beseni, Shangazi Povu akisoma kwa sauti. Mzigo ambao ulipopokewa, ukiwa mkavu, ulikuwa kilo mia moja na themanini, sasa ulikuwa unakaribia mia tano.

Shangazi Povu aliisoma tena, akiinama. "Mizani imelewa," akasema.

"Haijalewa," akasema Mama Mashuka polepole. "Hizo mia tatu ni maji. Kila safari tunapandisha mlimani pipa na nusu la maji, tunayapeleka kwenye kamba, tunayaangalia yakidondoka chini. Halafu tunashuka kuchukua mengine."

Ndipo kila mtu akageuka kutazama ile mashine ya kukamulia. Ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, juu yake kuna birika na vikombe. Ilikufa miezi kadhaa nyuma. Fundi aliifungua, akakuna kichwa, akasema kipuri chake hakipatikani, na wenyewe wakaona si neno, mikono ipo. Wakati huo huo nyumba moja ya wageni ikaanza kuleta mataulo mazito ya kuogelea, yale yanayokunywa maji kama ngamia. Mikono ilikamua mashuka vizuri tu. Mataulo yale iliyapapasa. Mashine ikawa meza ya chai, petroli ikaanza kufa Alhamisi, na katika watu wote wale wenye akili timamu hakuna aliyeunganisha jambo moja na jingine.

Kijana alihisi kifua kimefunguka. Aliona yamekwisha. Alisubiri neno moja tu, hata fupi, na angelipokea kwa mikono miwili.

Lakini Mama Mashuka alikuwa na kiburi chake, na kiburi cha mtu aliyekosea huwa kikubwa kuliko cha mtu aliyepatia. Alijipangusa mkono kwenye kanga na kusema, "Haya. Maji tumeyaona, na maji tunayatoa. Kwa hiyo wiki ijayo hatuna tena cha kusingizia, mimi wala wewe. Petroli ikifika Jumamosi, nitajua ilikuwa maji. Isipofika, nitajua ni kitu kingine."

"Mama jamani," akasema Shangazi Povu.

"Nimeshasema," akajibu mama, na alikwenda kuosha mikono ambayo ilikuwa safi.

*

Wiki ile ya pili banda lilikuwa kama kiwanja cha mieleka. Mama Mashuka alitengenezesha vichanja vya mbao nyuma ya banda, mataulo yakaning'inizwa hapo yachuje kwanza huku mzigo mwingine ukifuliwa. Kisha kila taulo lilishikwa na watu wawili, huku na huku, likanyongwa mpaka likalia. "Kamueni kama mnamkamua wifi," Shangazi Povu alihimiza, na wale wawili wengine, ambao wote walikuwa na mawifi, walipata nguvu mpya. Mzigo uliopanda pikapu ulipungua karibu nusu. Nyuma ya gari barabara ilibaki kavu, na mpaka rangi alilalamika kwamba vumbi limerudi.

Jumanne jioni kijana aliutazama mshale, akashtuka. Ulikuwa juu kuliko wiki zilizopita, ni kweli. Lakini haukuwa juu vya kutosha. Alipiga hesabu kichwani akiwa amekaa peke yake ndani ya pikapu, akapata Ijumaa. Akapiga tena, akapata Ijumaa mchana, basi. Maji yametoka, na petroli bado inakwenda, na yeye ndiye pekee aliyebaki.

Nyumbani hakuwa na hamu ya chakula. Mke wake alikuwa amechuchumaa uani akiwasha jiko la mkaa, akalipepea kidogo, akaacha.

"Lipepee tu, lishike upesi," kijana akasema. "Mimi nina haraka ya kulala."

"Nikilipepea kwa haraka yako mkaa utaisha maharage yakiwa mawe. Moto mkali haupiki haraka kiasi hicho, unakula tu." Akamtazama. "Una nini wewe?"

Kijana alichuchumaa kando yake. Alikuwa anatazama makaa. Alikumbuka kwamba mama mkwe anaposema kanyaga, yeye anakanyaga, gari linaruka mpaka kwenye kona, na kwenye kona anafunga breki, na mwendo wote ule alioununua kwa petroli anautupa pale pale kwenye kona, kisha anaanza kununua mwingine. Mlima mzima ulikuwa hivyo: nunua, tupa, nunua, tupa. Na kwa kukimbia kote huko, alikuwa anaokoa muda gani? Muda wa kunywa chai, tena chai ya moto, unayoipuliza. Nadharia yake ya mlevi, aliyoitangaza kwa watu wote kwa miaka, ilianguka pale uani mbele ya sufuria ya maharage.

"Ni mguu wangu," akasema.

"Umeumia?"

"Hapana. Unakula petroli."

Mke wake alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alipoona mumewe hacheki, aliacha, akamsogelea, akamwekea mkono begani. "Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kidogo," akasema. "Kwamba ni wewe."

"Hilo usimwambie."

Kuanzia Jumatano aliendesha kama aliyebeba mayai. Alianza safari taratibu, akashika mwendo mmoja, akatoa mguu mapema kabla ya kona na kuliacha gari liingie lenyewe bila breki. Pikapu, ambayo haijawahi kutendewa wema, ilipanda mlima ikinong'ona. Aliyeteseka ni Mama Mashuka.

"Baba, mbona tumesimama?"

"Tunakwenda, mama."

"Tunakwenda wapi? Ule mti naujua sasa kwa majani." Baiskeli ikawapita, mwendeshaji akiwa amesimama juu ya pedali, akaona ni vema kusalimia, na salamu zikachukua muda maana walikuwa sambamba kwa kitambo. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, nyumbani hawajambo?" Alipotangulia, mama akasema kwa uchungu, "Na yule ana mzigo wa kuni."

"Samahani, mama."

"Kanyaga basi."

Hapo kijana alijikaza kisabuni. Maisha yake yote ya ukwe hakuwahi kumkatalia mama huyu kitu. "Mama," akasema, macho barabarani, "ukiniambia nikanyage, nitakanyaga, na petroli itaisha Ijumaa, na utanichukulia ufunguo. Kama ndivyo unavyotaka, nikanyage?"

Mama Mashuka alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu apande gari lile aliacha kutazama mshale, akamtazama mtu. Aliona taya limekaza na kope zinacheza, na akagundua kwamba kijana huyu anaogopa, na kwamba anayemwogopa ni yeye.

"Nenda unavyojua," akasema.

Ijumaa ikapita. Petroli ilikuwepo. Shangazi Povu alianza kuuliza kila safari kabla gari halijazimwa, "Upo?" na kijana alijibu, "Upo," nao walikuwa wanaongelea mshale.

*

Jumamosi ilileta mzigo mmoja wa mwisho, na ulikuwa mbaya: mataulo ya kuogelea matupu, hakuna hata shuka. Yalichujwa, yakanyongwa, yakapimwa. Mshale ulikuwa umelala chini ya mstari wa mwisho, pale ambapo dereva hana tena cha kusoma. Kijana alipanda, akawasha, akasikiliza. Mama Mashuka alichelewa kidogo kutoka bandani, kisha akaja na kapu lake, akapanda upande wa pili, akafunga mlango.

Waliondoka taratibu. Walipofika chini ya mlima, pale barabara inapoinuka ghafla, injini ilikwaruza koo mara moja, ikatulia.

"Simama," mama akasema.

"Tukisimama hapa, mama, kuondoka tena..."

"Ndiyo maana nasema simama hapa, hatujaanza kupanda. Simama."

Alisimama. Alijua kinachokuja, au alidhani anajua: mama ameona haifiki, anataka ufunguo. Aliushika pale ulipo, akauacha, akaweka mikono mapajani.

Mama Mashuka alifungua mlango. Aliteremsha kapu kwanza, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Alijitengeneza kanga, akafunga mlango, akainama dirishani.

"Nenda."

"Mama?"

"Asubuhi nilibaki peke yangu na ile mizani, nikapanda. Usiniulize imesoma ngapi. Maji tumetoa, mguu umepunguza, sasa kilichobaki kwenye gari hili cha kuteremka ni mimi."

Kijana aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Mama, haiwezekani. Mimi niwe kwenye gari, wewe unatembea mlima mzima? Watu watasema nini?"

"Watasema Mama Mashuka anafanya mazoezi. Nenda kabla halijazimika, na usikimbie."

Alikwenda. Kwenye kioo alimwona anapungua, kilemba, kapu na kanga, akiupanda mlima kwa hatua za mtu asiyezoea milima, na kila baada ya kitambo akisimama kupumua na kujifanya anatazama maua ya watu. Kijana alitaka kurudi. Hakurudi. Alishika mwendo ule ule, akatoa mguu mapema kwenye kila kona, akaongea na pikapu kwa sauti ya chini kama anavyoongea na mwanawe akiwa na homa. Kwenye kona ya juu ilikwaruza tena koo, ikayumba, ikashika. Aliingia uani, mke wake akatoka mbio na watu wa pale uani wanaoanika nguo, na injini ikazimika yenyewe kabla hajagusa ufunguo.

"Imefika," akasema, na sauti ikamkatika.

Mke wake hakumsikia vizuri. Alikuwa anaangalia kiti cha upande wa pili, kitupu. "Mama yuko wapi?"

Alionyesha barabara kwa kidevu, akashika beseni. Mataulo yalianikwa yote, yakaanza kupepea, na Shangazi Povu na wenzake wawili walikuwa wameshafika kutoka bandani kwa njia ya mkato, geti liliposukumwa. Mama Mashuka aliingia na kilemba mkononi, jasho likimchuruzika, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi lile la mpaka rangi. Watu wote uani walisimama. Yule aliyeapa kutolibandua jicho lake kwenye mshale alikuwa amemwacha mkwe wake na gari, na petroli, na mlima mzima, peke yake.

"Mama," binti yake akamwendea, akampokea kapu, "mbona umeliacha gari?"

Mama Mashuka alikaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akapumua. Kisha akaongea kwa sauti ya kumfikia kila mtu, hata Shangazi Povu aliyekuwa nyuma ya mataulo.

"Nimeliacha kwa mwenyewe," akasema. "Nilichosema kule bandani nilisema mbele yenu, na leo nakifuta mbele yenu. Mtoto huyu hajawahi kuniibia hata tone."

Kijana alikuwa ameshika taulo mbichi. Akajifuta uso kwa lile taulo kama mtu mwenye jasho tu. Kisha alikwenda ndani kumletea mama yake maji ya kunywa.